Damu ya Malongo na Dawa ya Ng'ombe

Malongo hakuwa na shamba la kahawa. Hakuwa na baiskeli. Mwezi ule hakuwa hata na pumzi ya kufuata ng'ombe wake wanne hadi mtoni.

Homa ilifikisha wiki tatu. Mkewe, Ernesta, akampeleka hospitalini, Biharamulo mjini.

"Nahofia bakteria wameshambulia moyo," alisema daktari. "Tuwatafute kwenye damu kabla ya dawa. Umetumia dawa yoyote?"

"Hapana," alijibu Malongo haraka.

Damu ilichukuliwa, ikawekwa maabara ili bakteria waote. Siku tatu zikapita, hakikuota kitu. Malongo akazidi kudhoofika.

Theodosia, mtaalamu wa maabara, alimfuata wodini.

"Shikamoo, baba. Hukuchomwa sindano kweli?"

Malongo akageukia ukutani.

"Mwambie!" alisema Ernesta. "Kaka yako alikuchoma dawa ya ng'ombe. Bado kula majani tu!"

"Kaka Kazimili anajua kutibu," alijitetea Malongo. "Ng'ombe wake hawafi."

"Baba, dawa ile imewaficha bakteria, haikuwaua," alisema Theodosia. "Tukikosea dawa, moyo utaharibika."

Daktari alisubiri siku mbili dawa ile iishe mwilini, akimwangalia Malongo kwa karibu. Damu ikachukuliwa tena. Safari hii bakteria wakaota. Theodosia akawapaka kwenye sahani ya maabara, akaweka juu yake vipande vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Kesho yake akaleta picha kwenye simu.

"Utando huu ni bakteria. Hapa pana dawa ya jamii ile ya ng'ombe. Wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Hapa pana dawa nyingine. Ona duara safi."

"Wamekufa?" aliuliza Ernesta.

"Kuzuia kuota si kuua, mama. Moyo unataka dawa inayoua. Basi tutawaloweka kwenye dawa hiyo kwa vipimo tofauti, kisha tuwahamishie kwenye sahani isiyo na dawa. Wakiota, hawakufa."

Hawakuota.

"Dripu wiki sita," alisema daktari.

"Wiki sita! Na ng'ombe?"

"Ng'ombe nachunga mimi," alisema Ernesta. "Wewe chunga mkono wenye sindano."

Wiki ya pili homa iliondoka. Wiki ya sita ilipoisha, Malongo alitembea mwenyewe hadi sokoni. Huko akasikia habari za Ntobeye, kijijini kwa kaka yake. Watu walipanga foleni kwa Kazimili. Yeye alijisifu kwamba sindano yake ndiyo iliyomponya mdogo wake.

"Mpigie simu," alisema Ernesta.

"Simu ataisikia peke yake. Barua itasomwa kanisani."

Akaandika kwa katekista wa Ntobeye: "Nimepona kwa dawa iliyopimwa kwanza juu ya bakteria wangu. Sindano ya kaka yangu nusura iniue. Nami nilimdanganya daktari. Msiniige. Homa isiyoisha, nendeni mkapimwe, na semeni kila dawa mliyotumia."

Akalamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi kondakta wa basi la Ngara aifikishe Ntobeye.