Kifundo cha Kipanga

Kila jioni, kengele ya mwisho ikishalia, wasichana wa mpira wa pete walikimbilia uwanja ulio nyuma ya madarasa. Walizunguka uwanja, wakaruka kamba, kisha wakarushiana mpira. Mdakaji wao hodari alikuwa msichana mwembamba wa darasa la sita waliyemwita Kipanga, kwani mpira ukipita juu yeye aliunyakua kabla wenzake hawajainua mikono.

Siku chache kabla ya fainali, Kipanga aliruka, akatua juu ya kiatu cha mwenzake. Mguu ukapinda kwa ndani. Kitu kikalia ko! kwenye kifundo. Mwalimu wa michezo alikuwa amewapa mgongo, akifunga wavu.

"Usimwambie Mwalimu," Kipanga alimnong'oneza nahodha. "Atanitoa."

"Nani kasema tunamwambia? Bila wewe tumekwisha. Njoo nikuchue."

Nahodha aliomba maji ya moto katika jiko la shule, akauchua mguu kwa nguvu zake zote, kisha akavuta kisigino eti arudishe mfupa mahali pake. Kipanga aliuma mkono wa sweta ili asilie. Wakafunga kifundo kwa kitambaa, wakavuta soksi juu yake.

Asubuhi mguu ulikuwa umeumuka kama mkate. Kipanga aliusukumiza kwenye kiatu, akaanza kutembea polepole ili asichechemee. Mama yake, fundi wa kupaka rangi nyumba, aliacha kukoroga rangi akamtazama.

"Tangu lini unatembea kama bibi harusi?"

"Nimechoka tu, mama."

"Vua soksi."

Hakukuwa na ubishi. Mama alipoona ule weusi chini ya kifundo, alinawa mikono, akafunga mlango, wakaenda hospitali.

Tabibu alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alianza na mguu mzima, kisha akashika ule mbovu.

"Hapa mbele pana kano zinazoshikilia mifupa pamoja," alisema. "Panauma?"

"Kidogo."

Vidole vyake vikahamia nyuma ya nundu ya nje ya kifundo. "Na hapa, kwenye mfupa wenyewe?"

Maumivu yalimpanda Kipanga hadi kwenye goti. Akaona fainali ikimponyoka. "Hapana," alisema.

Tabibu alimtazama. "Binti yangu, mfupa hauna mdomo. Wewe ndiye mdomo wake. Ukisema hapaumi, nitakufunga bendeji uende nyumbani. Haya, shuka kitandani, utembee mpaka dirishani."

Kipanga alikanyaga sakafu. Dirisha lilikuwa karibu tu, lakini mguu ulikataa kubeba uzito wake. Angeweza kujikaza. Alikuwa amejikaza tangu jana. Alimgeukia mama yake, kisha tabibu.

"Nimekudanganya," alisema, machozi yakimtoka. "Pale nyuma panauma kuliko kote. Na tulipachua kwa maji ya moto."

"Mlichua?" Mama aliruka. "Mguu ulioteguka si unga wa kukandwa!"

Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa nje. Alifungwa plasta ngumu. Jioni ile alimweleza Mwalimu kila kitu, na nahodha naye akakiri. Fainali waliicheza bila yeye, wakafungwa. Kipanga alitazama akiwa amekaa kwenye benchi, magongo yakiwa mapajani, na hakuna aliyemtania.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba na dhaifu. Tabibu alimfundisha kusimama kwa mguu mmoja ameshika kiti, kisha bila kiti.

"Mguu ukiteguka, acha kucheza, uuweke juu, uuwekee kitu cha baridi, umwite mtu mzima," alisema. "Kuchua siku ile ile huongeza uvimbe. Na kama ungecheza fainali, ufa ule ungekuwa mvunjiko kamili."

"Ningechechemea maisha yangu yote?"

"Huenda. Sasa mfupa umeunga, na kano zitapata nguvu. Lakini mgonjwa anayemficha tabibu anapoumia, huyo sina dawa yake."

"Umesikia?" Mama aliuliza.

"Nimesikia, mama."

"Basi timu itapata fainali nyingine. Mguu mwingine sina pa kukununulia. Ukiumia, sema."

Kipanga aliachia kiti. Aliyumba kidogo, akasimama kwa mguu ule peke yake.

"Panauma?" tabibu aliuliza.

"Ndiyo," alijibu. "Kidogo, hapa mbele."