Neno Lisilomo Katika Kamusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama mama yake akipiga pasi. Mama alikuwa dobi. Chumba chao cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, waya mbili zilizotundikwa mashati ya wateja, na dirisha dogo lililoelekea jua linapochomoza. Mama alinyunyiza maji juu ya kola, akapitisha pasi, na mvuke ukapanda polepole hadi kwenye mwanga wa dirisha. Mawazo ya Chiriku yalipanda pamoja nao.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Lakini mbele ya mvuke ule alikuwa bubu. Aliona herufi zikielea hewani, zikishikana mikono na kuwa maneno, kisha zikiachana na kuyeyuka.

"Wewe mtoto, umeshafika wapi?" mama aliuliza.

"Nipo hapa, mama."

"Kilichopo hapa ni sketi na soksi tu. Mwenyewe hayupo. Hebu nipe hilo shati jeupe kabla hujatokea dirishani."

Chiriku alicheka, akampa shati. Ni kweli alikuwa mbali. Alikuwa kwenye ukumbi mkubwa wenye mapazia marefu, ameketi mbele ya ubao wa mchezo wa maneno, na watu wote wamenyamaza wakingoja aweke herufi yake ya mwisho. Mashindano hayo yalikuwa ya kweli. Yangefanyika wiki tatu baadaye, na kila shule ilipeleka wachezaji wanne. Shuleni kwao watatu walikuwa wameshachaguliwa. Nafasi moja iliyobaki ilikuwa kati yake na Kobe.

Kobe alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walimwita hivyo kwa mapenzi, maana msichana yule hakuwa na haraka hata mvua ikinyesha. Ukimuuliza jambo, alilitafuna kwanza, akaligeuza, ndipo akakujibu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wengi. Kwa sababu hiyo mkutubi wa shule, aliyesimamia chama cha mchezo huo, alimkabidhi ubao mweusi uliokuwa mlangoni mwa maktaba. Kila Jumatatu Kobe aliandika hapo neno jipya la Kiingereza na maana yake, ili shule nzima ijifunze.

Mkutubi alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukukata kauli. Mwezi ule alikuwa akiwafundisha viambishi tamati, vile vipande vinavyoongezwa mwishoni mwa neno.

"Tazameni," aliwaambia. "Kwa Kiswahili, mtu akiwa mpole, tunasema ana upole. Akiwa mvivu, ana uvivu. Sisi tunabadilisha kichwa cha neno. Waingereza wao wanaunga mkia. Mtu mwema ni *kind*. Ukiunga mkia wa *ness*, unapata *kindness*, yaani wema. Penye giza ni *dark*, na giza lenyewe ni *darkness*. Mmeona?"

"Kwa hiyo tukijua mkia mmoja tumejua maneno elfu!" Chiriku alidakia.

"Taratibu, chiriku wangu. Mkia huu unapenda maneno ya sifa, hauungwi kwenye kila neno. *Dream* ni ndoto, nomino tayari. Huwezi kuiungia mkia huo. Kwanza uifanye sifa, *dreamy*, kama mtu anayeelea ndotoni, kama wewe hapo ulipo. Halafu *y* inageuka *i*, unapata *dreaminess*."

Wote waliangua kicheko, na Chiriku akacheka nao. Neno lile alilipenda mno. Alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Aliona kama limetungwa kwa ajili yake na mvuke wa mama yake.

Jumatano ilipofika, yeye na Kobe waliketi kwenye meza ya pembeni maktabani kucheza mchezo wa kuamua. Mkutubi alikuwa na rundo la vitabu vilivyorudishwa.

"Andikeni alama zenu wenyewe," aliwaambia. "Sheria mnazijua. Mwenye shaka na neno la mwenzake aniite nifungue kamusi. Neno likiwa halimo, aliyeliweka anaondoa herufi zake. Likiwamo, mwenye shaka anapoteza zamu yake."

Walicheza saa nzima. Jua la alasiri lilipita kwenye vioo, likalala mezani, na vumbi la vitabu likawa linaelea ndani yake. Kobe alicheza kwa utaratibu wake ule ule, akitangulia kidogo kidogo. Mwishoni mfuko wa herufi ulikuwa mtupu. Kisha akaweka *dream*, akawa mbele kwa alama thelathini na moja.

Chiriku alitazama herufi zake. Alikuwa na *n*, na *e*, na *s* mbili. Mbele ya neno la Kobe palikuwa na nafasi nne hasa, ya mwisho ikiwa ule mraba mwekundu unaozidisha alama mara tatu. Alitafuta *i* kwa macho, kana kwamba ingeweza kuota juu ya meza. Haikuwapo.

Alijua kwamba bila hiyo *i* si neno, na alijua vizuri kabisa. Lakini ukumbi wenye mapazia ulikuja tena mbele yake, mtulivu, wenye mwanga, na kiti chake kikimngoja. Mkono wake ukaenda. Herufi nne zikatua moja baada ya nyingine: *dreamness*.

Kobe aliinama juu ya ubao, akalitazama neno lile kwa muda mrefu.

"Mkutubi hakusema kuna kitu katikati?" aliuliza kwa sauti ya chini. Kisha akainua macho. "Chiriku, hili neno lipo? Umelisoma mahali?"

"Lipo," Chiriku alijibu. "Nimelisoma kwenye kamusi, jana."

"Basi sawa," Kobe alisema. Hakumwita mkutubi. Alichukua penseli, akamwandikia Chiriku alama thelathini na sita, mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri.

Mchezo uliisha Chiriku akiwa mbele kwa alama tano. Mkutubi aliwapongeza wote wawili, akaandika jina la Chiriku kwenye orodha. Kobe alimpa mkono, akasema, "Uende ukatushindie." Njiani kurudi nyumbani Chiriku aliongea bila kupumua, akaeleza jinsi watakavyopanda basi na jinsi ukumbi ulivyo, ingawa alikuwa hajawahi kuuona. Alipofika nyumbani, mama yake alimkumbatia mikono ikiwa na povu la sabuni. Ajabu ni kwamba alipojaribu kuota tena ule ukumbi, ulikuja bila watu. Viti vilikuwa vitupu na mapazia hayakutikisika.

Jumatatu mkutubi hakuwapo shuleni. Alikuwa ameitwa kwenye kikao cha mashindano. Chiriku alipoingia getini alisikia watoto wa darasa la pili wakirukaruka kamba na kuimba:

"Drimnesi, drimnesi, ruka juu! Drimnesi, drimnesi, tua chini!"

Alikwenda hadi mlangoni mwa maktaba. Pale ubaoni, kwa chaki nyeupe, na pembeni pamechorwa mwezi na mawingu madogo, paliandikwa: *Neno la wiki hii: dreamness. Hali ya kuwa kama mtu aliye ndotoni.* Na chini yake, kwa herufi ndogo: *Limeletwa na Chiriku.*

Alikuwa hajapata kuona kitu kizuri namna ile kilichomuumiza namna ile.

Kabla hajapata la kufanya, mwalimu wa Kiingereza alisimama nyuma yake. Alikuwa mwalimu mkali, asiyependa mzaha na somo lake.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

Wanafunzi waliokuwa karibu walirudi nyuma. Kobe alitoka katikati yao, mikono ina chaki. "Ni mimi, mwalimu."

"Neno hili umelitoa wapi? Kamusi gani?"

Kobe alimtazama Chiriku. Alitafuna jibu lake kama kawaida yake, na Chiriku akaona waziwazi uso wa rafiki yake ukibadilika kadiri alivyoelewa. Hata hivyo hakumtaja.

"Sikuhakikisha, mwalimu," alisema hatimaye.

"Hukuhakikisha, na watoto wadogo tayari wanaliimba! Futa. Na chaki ya ubao huu naichukua hadi nitakapozungumza na mkutubi."

Kobe alifuta jina la Chiriku kwanza, kisha neno, kisha mwezi na mawingu. Alimkabidhi mwalimu chaki, akaenda darasani bila kugeuka nyuma.

Siku nzima Chiriku hakusema neno. Walimu wawili walimuuliza kama anaumwa. Jioni alikaa juu ya ndoo yake, na mama, bila kuacha pasi, akasema, "Leo chumba kimya mno. Nani kakukata ulimi?"

Chiriku alijaribu kujikaza kisabuni, akashindwa. Aliangua kilio, akamweleza mama yote, tangu *i* iliyokosekana hadi chaki iliyochukuliwa. Mama aliisimamisha pasi, akavuta kiti.

"Kobe anajua kwamba ulimdanganya?"

"Anajua. Nilimwona akijua."

"Lakini hujamwambia."

"Mama, akisikia hatanisamehe. Na nafasi nitaipoteza."

"Huenda yote mawili yakatokea," mama alisema kwa upole. "Hilo siwezi kukunyooshea. Lakini kesho asubuhi anza na yeye, kabla ya mwalimu yeyote. Yeye ndiye uliyemwambia uongo."

Asubuhi iliyofuata Chiriku alimngoja Kobe kwenye ngazi za maktaba. Maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha yalimtoroka yote.

"Neno halipo," alisema. "Nilijua halipo. Sikulisoma popote."

Ndege waliruka juu ya paa, na kengele ya kwanza ikalia.

"Ningeweza kumwita mkutubi afungue kamusi," Kobe alisema mwishowe. "Sikumwita kwa sababu nilikuuliza wewe."

Alisema hivyo tu. Chiriku angetamani amgombeze. Walisimama, wakaingia ndani pamoja, na Chiriku akamweleza mkutubi kila kitu huku mwalimu wa Kiingereza akisikiliza kando ya kabati.

Mkutubi hakucheka wala hakumkata kauli. Alichukua orodha, akafuta jina la Chiriku, akaandika la Kobe. Mwalimu wa Kiingereza alitoa chaki mfukoni, akamrudishia Kobe, akasema, "Niwie radhi, binti. Nilikuhukumu kwa kusikia nusu tu." Kisha wakampa Chiriku kazi. Alitakiwa apite madarasa yote ya chini, aeleze kwamba lile si neno, na awafundishe neno sahihi.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Katika darasa la pili, mtoto mmoja mwenye pengo alinyoosha mkono.

"Dada, kwa nini ulitudanganya?"

"Nilitaka sana kushinda," Chiriku alisema, masikio yakiwaka moto.

"Sasa tutaruka kamba na nini?"

Wakacheka wote, hata yeye. Waliliimba neno sahihi hadi likawakaa mdomoni.

Siku zilizobaki, kila jioni, Chiriku alikwenda kwa Kobe kumfanyisha mazoezi. Siku ya kwanza Kobe alizungumza naye kuhusu herufi tu. Siku ya tatu alimpa kiti karibu na chake. Siku ya tano Chiriku alikosea tahajia ya neno jepesi kabisa, na Kobe akacheka hadi akashika mbavu, na hapo Chiriku akapumua kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jumamosi ya mashindano, Chiriku alisubiri getini tangu mchana. Mwanga wa jioni ulikuwa wa dhahabu, barabara imetulia, na basi lilipotokea kwa mbali lilionekana kama linaogelea. Kobe aliteremka wa kwanza, na mara hii alikuwa akikimbia.

"Tumekuwa wa tatu!" alipiga kelele. "Na ukumbi wenyewe, Chiriku, hauna mapazia kabisa! Una feni inayolia kama bata!"

Mkutubi aliteremka nyuma yake na sanduku la ubao wa mchezo kwapani. Aliwatazama wale wawili wakishikana mikono, kisha akamwita Chiriku kando.

"Nataka ulielewe kosa lako vizuri," alisema. "Kubahatisha neno si dhambi. Hata mabingwa hubahatisha, na kamusi ipo ya kuwakosoa. Ungeliweka ukasema hujui, Kobe angeniita, na mchezo ungeendelea. Lakini alipokuuliza, aliacha kucheza kidogo akazungumza na rafiki yake. Wewe ukamjibu kama mpinzani. Anayekuamini anakupa kitu bila kukupima, na ukimdanganya humshindi yeye, unampoteza. Umebahatika Kobe amerudi. Wengine hawarudi."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Mwakani nafasi ni nne tena. Njoo Jumatano."

Chiriku alipokea sanduku, Kobe akashika upande wa pili, na wote watatu wakatembea polepole kuelekea maktabani.