Chagua Mwenyewe, Penseli

Rafiki akikwambia "chagua mwenyewe" mara moja, hiyo ni adabu. Akikwambia mara tatu, vaa viatu vyako uondoke. Penseli hakuondoka. Alipiga magoti kwenye zulia la shoga yake, mbele ya vibao vitatu vya kuchorea katuni za kompyuta, akavipapasa kimoja kimoja kwa furaha.

Penseli lilikuwa jina la shuleni, kwa wembamba wake. Shoga yake walimwita Kifutio, maana kila alichochora alikifuta. Dawati moja miaka saba, hao! Kifutio ndiye aliyetangulia kuajiriwa studio ya katuni. Penseli alikuwa bado anachora kwenye karatasi nyumbani kwa mama yake, fundi cherehani, na studio hiyohiyo ilikuwa imempa wiki tatu alete katuni ya dakika moja. Ikipendeza, kazi ni yake.

"Hiki kikubwa kina kioo, unachora na kuona hapohapo," Kifutio alieleza. "Ila kimepasuka. Hiki kidogo mkono unakuwa mezani, macho kwenye kompyuta, utazoea. Ila kalamu yake imepotea. Hiki cha kati..." Akatazama pembeni. "Mimi sikuchagulii. Chagua mwenyewe."

"Wewe ungechukua kipi?"

"Chagua mwenyewe, Penseli."

Mkono wa kulia wa Kifutio ulikuwa mfukoni mwa sweta. Miezi mingi sasa alikuwa akiuficha humo, akisema ni mshipa.

"Basi nachukua cha kati. Mbona cha moto, na hakijachomekwa popote?"

"Jua hilo. Sema umekichagua mwenyewe."

"He! Unaniozesha? Haya, nimekichagua mwenyewe."

Kifutio akacheka mpaka machozi yakamtoka. Penseli naye akacheka, maskini, hajui anachekea nini.

Sasa, katuni ina kazi yake ya punda. Ukitaka mtu anyanyue mkono, unachora mkono ukiwa chini, unachora ukiwa juu, halafu unabaki na picha zote za katikati, moja baada ya nyingine, mpaka mgongo unalia. Siku ya kwanza Penseli alichora ya mwanzo na ya mwisho, akaenda kula na mama yake. Aliporudi, picha kumi na moja zilikuwa zimejaa katikati, safi kuliko zake. Akampigia simu Kifutio.

"Kumbe programu inajaza yenyewe?"

"Eeh. Iache ijaze."

Akaiacha. Wiki nzima yeye anachora mbili, asubuhi anakuta zimetimia, na chumba kinanuka kucha zilizoungua. Mkono ulianza kumfa ganzi. Akadhani ni uchovu.

Halafu mchana mmoja, jua la utosi, alikuwa jikoni akiosha vyombo mama yake alipomwita kutoka sebuleni.

"Mwanangu, pumzisha hiyo kalamu. Inakwaruza mpaka huku."

"Mimi niko jikoni, mama."

Cherehani ikanyamaza. Mkwaruzo haukunyamaza. Penseli aliambaa ukuta polepole, maji yakimchuruzika vidoleni, akausukuma mlango wa chumba chake kwa kisigino, na pale mezani akaiona kalamu imesimama wima pasipo mtu, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, na kwenye kioo cha kompyuta, pembeni mwa kila picha ambayo hakuichora yeye, palikuwa na mwanamke mdogo ambaye hakuwahi kumwona, na alipozipitisha picha zote kwa mfululizo yule mwanamke, aliyeanza kwa kumpa mgongo, akageuka, akageuka, akageuka tena mpaka akamtazama usoni, na uso ulikuwa wa Penseli mwenyewe, na mkono wake wa kulia haukuchorwa.

Akakwapua penseli na karatasi achore duara. Duara tu! Ikamponyoka. Vidole vilikataa kushika, na mkono ule ndio uliokuwa kila kitu alichonacho.

Alimkuta Kifutio studio, amekaa kwenye kiti chake, anachora. Kwa mkono wa kulia.

"Mshipa umepona," Penseli alisema.

Kifutio aliangalia mlango. "Ongea taratibu. Nilikaa nacho mwaka mzima, Penseli. Nilikuwa siwezi hata kufunga kifungo cha blauzi."

"Ukanipa mimi."

"Sikukupa. Ulichagua mwenyewe."

"Nilikuita dada! Mtu mwingine yeyote angenifanyia hivi ningemtukana nikalala. Wewe nitakutukana vipi?"

Kifutio akainamia kazi yake. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo walimjua. Penseli alilia njia nzima, wala hakujali nani anamwangalia.

Mama yake alimpeleka kwa bibi mmoja mganga. Bibi alikinusa kile kibao, akakirudisha haraka kwenye mfuko.

"Huyu jini hafukuzwi," alinong'ona. "Huyu huchaguliwa. Anakufanyia kazi yako, anakula mkono wako. Atakuacha siku mtu mwingine atakapomchagua kwa ulimi wake mwenyewe."

"Basi atabaki na mimi," Penseli alisema. "Mimi simfanyii mtu alivyonifanyia yule."

Walipofika nyumbani, mama alikiomba kile kibao akifungie kabatini, na Penseli akampa. Kwani nani asiyemwamini mama yake?

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Penseli alizinduka usingizini vidole vikimwasha. Akaokota chaki ya mama yake sakafuni, akachora duara kwenye kipande cha kitambaa. Likatoka mviringo, safi. Akachora jicho, ndege, paka anayepiga chafya. Akacheka peke yake, akakimbilia sebuleni amwonyeshe mama.

Cherehani ilikuwa inakwenda. Gurudumu linazunguka, kitambaa kinapita chini ya sindano, mshono umenyooka. Mama alikuwa ameketi mbele yake, miguu kando, mikono mapajani. Wa kulia ulilala kifudifudi, umelegea. Chumba kilinuka kucha zilizoungua.

"Mama! Umenizunguka na wewe!"

"Nimechagua mwenyewe, mwanangu," mama alisema taratibu. "Miaka thelathini nimeshona, inatosha. Wewe hujaanza."

Penseli akadaka kitambaa kilichokuwa kikitoka upande wa pili wa sindano. Pembeni, kwa uzi mwekundu ambao mama hakuwa nao ndani ya nyumba, alikuwa ameshonwa mwanamke mdogo. Alikuwa amempa mgongo.