Yai Laini la Bi Taratibu

Binti ndiye aliyeliona yai kwanza. Lilikuwa chini ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa. Alipoligusa, likabonyea kama puto lililoishiwa upepo.

Lilikuwa yai la Bi Taratibu, kobe ambaye binti aliachiwa na marehemu mama yake. Sasa binti aliishi kwa kaka yake na wifi yake, fundi cherehani. Kwa haya zake, hakumwambia mtu.

Siku ya tatu, Bi Taratibu aligoma kula. Miguu ya nyuma ikawa inaburuzika. Binti akamfuata wifi kwenye cherehani.

"Wifi, kobe anaumwa. Alitaga yai laini. Nilinyamaza."

"Na huo mdomo ni pambo la uso?" wifi alifoka. Lakini aliliacha gauni la bibi harusi kwenye mashine, akamtia kobe kwenye beseni, wakaenda mbio kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimpiga kobe picha ya eksirei. "Yamebaki mayai manne ndani."

"Mayai? Mbona hana dume!" wifi alishangaa.

"Kuku naye hutaga bila jogoo, mama. Anakula nini?"

"Mkate na chai, kama sisi," wifi alijibu kwa fahari.

"Na jua?"

"Hatoki nje. Wataniibia."

"Mnamfungia kama mwali!" Daktari alicheka, kisha akatulia. "Ganda la yai hujengwa na kalsiamu. Mkate hauna ya kutosha. Akiikosa, mwili wake huichota kwenye mifupa. Anaishiwa nguvu, mayai yanakwama. Mngechelewa, mngemzika."

Akamdunga sindano ya kalsiamu, akawapa na unga wake.

"Mpeni nyasi na majani mabichi. Nyunyizeni unga huu kidogo, kwa kipimo nilichoandika. Kila asubuhi aote jua, na kivuli kiwe karibu. Bila jua, mwili hauitumii kalsiamu vizuri. Na mwekeeni udongo laini wenye unyevu, achimbe atage."

Siku mbili baadaye, Bi Taratibu alichimba, akataga yote manne. Msimu uliofuata alitaga matano, meupe, magumu. Wifi aligonga moja kwa ukucha.

"Ko! Sikia hilo. Mlango wetu wenyewe haulii hivi!"

Binti alicheka. Kisha akakumbuka jinsi bibi harusi alivyomgombeza wifi mbele ya wateja kwa kuchelewesha gauni. Wifi aliomba radhi tu, kobe hakumtaja.

"Wifi," alisema. "Asante kwa kumwokoa kobe wa mama. Na asante kwa kunichukua mimi."