Aliyecheza na Rozell

Rozell Pettaway hakuwahi kuimba maishani mwake. Hata kanisani alikuwa anafungua mdomo tu bila kutoa sauti, kwa sababu mchungaji mwenyewe alishamwomba hivyo kwa adabu. Kwa hiyo asubuhi ile, Verlene aliposikia mumewe ananyoa ndevu huku anaimba, sauti inapanda na kushuka bila kukosea hata mara moja, aliacha nyama kwenye kikaango akasikiliza.

"Wimbo gani huo?"

"Upi?"

"Huo unaouimba."

"Mimi?" Rozell alichungulia, povu bado shavuni. "Bibi wewe, umeshaanza kusikia vitu? Miaka arobaini na moja ya ndoa, umewahi kunisikia naimba?"

Akacheka. Verlene hakucheka.

Walikuwa wamestaafu pamoja, yeye kwenye jiko la shule, Rozell kwenye karakana ya mabasi ya jiji la Dayton. Wakanunua trela dogo la kulala, wakalifunga nyuma ya pikapu, wakashuka Kusini kuufuata muziki: Memphis, kisha Clarksdale, kisha Natchez, na mwisho Opelousas, Louisiana, alikozaliwa Verlene. Yeye ndiye aliyekuwa akicheza kila walikosimama. Rozell alikuwa akikaa mezani na chupa yake ya soda, amekunja mikono kama anasubiri basi.

Siku ile ile ya wimbo, walipoondoka Clarksdale, Verlene alianza kunusa kitu kwenye shati la mumewe. Harufu ya maua yaliyooza majini, na ndani yake tope, na ndani ya tope mafuta ya nywele ya kizamani, ya aina aliyokuwa akipaka bibi yake. Ya mwanamke.

"Ulikwenda wapi jana niliposimama na wale wapiga gitaa?"

"Niliketi pale pale. Si ulinikuta?"

Kweli alimkuta. Lakini alimkuta anatokwa jasho.

Mwanamke akishaingiwa na shaka hapumziki. Alipekua mifuko, akapekua simu wakati Rozell anaoga, akanusa mto. Hakupata kitu, na kule kukosa kukamchoma zaidi. Walipofika Natchez, Rozell alianza tabia ya kuingia ndani ya trela kila adhuhuri. "Najilaza kidogo," anasema. Akitoka, shati limelowa, macho yanang'aa, na viatu alivyonunua Memphis juzi tu vimelika soli. Siku ya tatu alitoboa tundu jipya kwenye mkanda. Siku ya nne akatoboa jingine.

Siku ya tano Verlene alichukua kapu la nguo. "Nakwenda kufua. Foleni ya mashine ni ndefu, nitakawia."

"Nenda taratibu," alisema Rozell, upesi mno.

Alizunguka kambi nzima ya matrela, akaliacha kapu chini ya mti, akarudi kwa nyuma akinyata juu ya nyasi, jua kali la saa sita likimpiga utosini. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Kabla hajafika dirishani alisikia vishindo vya miguu, taratibu, kwa mapigo ya wimbo ule ule, akahesabu, akahesabu tena, na kila mara akapata miguu minne. Sasa nakukamata, alijiambia, akaweka jicho kwenye upenyo wa pazia, akamwona mumewe amefumba macho, mkono mmoja ameuinua kana kwamba kuna mkono ndani yake, mwingine ameuzungusha kwenye kiuno ambacho hakikuwepo, anazunguka na kuzunguka katika nafasi ile finyu kati ya jiko na kitanda bila kugonga chochote, shingo imelala pembeni kama ya mtu aliyeegemewa, na mbele ya viatu vyake, pale pasipokuwa na mtu, zulia likibonyea na kuinuka, likibonyea na kuinuka, na kila lilipobonyea likaacha alama ya unyayo mtupu, uliolowa.

"Sema polepole," Rozell aliinong'oneza hewa. "Mke wangu atasikia."

Na sauti ikamjibu, sauti ya Verlene mwenyewe, na kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema: "Mke wako ni nani, kama si mimi?"

Alirudi mbele, akagonga mlango kwa nguvu kama mtu anayefika sasa hivi, akasema wanaondoka. Akaendesha mwenyewe. Njia nzima Rozell alisinzia pembeni yake akiimba, na kila Verlene alipotazama kioo, pazia la dirisha la mbele la trela lilikuwa wazi, ilhali alilifunga kwa mkono wake.

Bibi Clotile, mama yake wa ubatizo, aliishi nje ya Opelousas, nyumba yake imepakana na shamba la miwa. Mkoa mzima ulimjua: alikuwa akiwatibu watu kwa sala za Kifaransa cha wazee, bila kupokea malipo. Alisimama kibarazani, hakushuka.

"Mmekuja wangapi, mwanangu?"

"Wawili, Bibi."

"Mbona trela limeinama?"

Verlene akageuka. Kiti cha Rozell kilikuwa kitupu, na mlango wa trela ndio kwanza unajifunga. Akaeleza yote kwa kunong'ona.

"Pepo wa namna hiyo haibi," alisema Clotile. "Anapewa. Nani alimpa?"

"Hakuna aliyem..." Alikumbuka Clarksdale. Mwanamke mmoja nyuma ya kiti chake, katikati ya kelele: Huyu mzee wako hachezi? Naye Verlene, bila hata kugeuka, akacheka: Mchukue, kama unamweza.

"Utani tu, Bibi."

"Kwako. Ulimtoa kwa mdomo, mrudishe kwa mdomo. Mimi nitasali, wewe mwite. Na umwite kwa utamu, si hivyo unavyomwita siku zote. Nakujua mimi."

Clotile alimwaga chumvi kuzunguka trela, akaanza sala. Vishindo vya ndani vikaongezeka kasi. Verlene akasimama mbele ya mlango, akatafuta maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu watoto wake walipokuwa wachanga.

"Rozell. Mpenzi wangu. Njoo nje, roho yangu. Njoo kwangu."

Ndani, ile sauti iliyofanana na yake ikasema kitu. Hakusikia maneno. Trela likatikisika, vikombe vikavunjika, miguu ikakanyaga na kukanyaga, na Verlene akaita mpaka sauti ikamkauka, mpenzi, mpenzi wangu, hadi mlango ukafunguka na Rozell akaanguka mikononi mwake, mwepesi kama mtoto. Nyuma yake ile harufu ilitoka kwa mkupuo mmoja. Miwa ikainama kwa mstari mwembamba, kwenda mbali, kisha ikatulia.

"Amekwenda," alisema Clotile.

Jioni Rozell alikula mchuzi wa kaa na bamia sahani mbili. Hakuimba. Verlene alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Ulijuaje kuwa mimi ndiye niliyekuwa nje?"

Rozell aliweka kijiko chini. "Kulikuwa na sauti mbili, zote zako. Ya ndani inafoka. Unakwenda wapi bila kofia, Rozell. Umeacha tena viatu njiani, Rozell. Ya nje tamu, inaniita mpenzi."

"Ehe?"

"Nikajua wewe ni yule wa ndani." Hakuinua macho. "Nikatoka nimfuate yule mwingine."

Clotile alisukuma kiti chake, akaenda kufunga dirisha la upande wa miwa.

Upawa ulikuwa bado mkononi mwa Verlene. Sahani ya mumewe ilikuwa tupu. Akameza mate, akailainisha sauti kadiri alivyoweza.

"Nikuongeze, mpenzi?"

Rozell aliinua uso haraka, macho yamewaka kwa furaha, akatazama nyuma ya mkewe, mlangoni.