Kengele ya Arobaini na Mbili

Land Cruiser nyeupe haikusimama.

Isaiah Mochama alikanyaga mafuta. Probox yake ya kijivu ilitetemeka kama inayotaka kuvunjika. Kilomita thelathini alikuwa ameifuata gari hiyo, tangu ilipochepuka langoni mwa kituo alichokuwa akikilinda nje ya mji wa Kericho. Walipofika Kedowa aliipita, akaizibia njia mbele ya wauza viazi, akashuka, mkono ukiwa juu ya bastola ya Glock iliyofichwa chini ya koti.

Dereva alikuwa daktari wa mifugo. Nyuma alikuwa amebeba chanjo za ng'ombe ndani ya barafu. Alikuwa amepotea njia.

Mochama aliomba radhi kwa ufupi. Huyo alikuwa mshukiwa wa nne, na wote wanne walikuwa watu safi.

Simu yake ililia. Alikuwa Valary, mkuu wake katika idara ya ujasusi, aliyekuwa Nairobi.

"Chai inaungua," Valary alisema. Ilikuwa ishara yao ya hatari.

"Lini?"

"Leo. Saa nne. Tumenasa ujumbe mmoja: mashine itajichoma yenyewe."

"Ahirisheni uzinduzi."

"Nimeomba mara tatu. Wageni wameshafika. Hakuna anayetaka kutia sahihi."

Mochama alitazama saa yake ya Casio. Saa mbili na dakika arobaini.

Akageuza gari.

Mashine aliyotumwa kuilinda ilikuwa ya kuharakisha chembe. Ilikuwa imelazwa ndani ya handaki, chini ya kilima cha chai. Ilirusha mwale wa protoni ndani ya bomba jembamba kama kifundo cha mkono, ili kutengeneza dawa za kuonyesha saratani mwilini. Wagonjwa waliokuwa wakipanda magari kutoka Longisa hadi Nairobi kutafuta picha moja tu wangepimwa karibu na nyumbani. Wapo wafanyabiashara wa ng'ambo waliokuwa wakiiuzia nchi dawa hizo. Wao hawakuipenda mashine.

Mwale huo ulikuwa na tabia moja mbaya. Ukipotoka kidogo, ulitoboa chuma kabla mtu hajapepesa jicho. Kwa hiyo vitambuzi ishirini vilipangwa kando ya bomba. Kimoja kikihisi mwale umegusa ukuta, kengele hulia na mwale hukatwa papo hapo. Bomba likitoboka, kulitengeneza upya kungechukua miaka mitatu.

Tatizo lilikuwa kitambuzi cha kumi na nne. Katika siku ishirini za majaribio kilikuwa kimepiga kengele mara arobaini na moja. Mara zote mafundi waliingia handakini na kukuta mwale umenyooka.

Nje ya Kericho, trekta mbili zilizobeba magunia ya majani mabichi zilifunga barabara. Mochama alipiga honi. Dereva wa trekta alimpungia mkono kwa adabu na hakusogea.

Akiwa amekwama pale, alifungua nakala ya daftari la kengele kwa mara ya kumi. Safari hii hakusoma saa. Alisoma siku.

Jumatatu, kengele tatu. Jumanne, mbili. Ijumaa, nne, zote kabla ya jua kutua.

Jumamosi, hakuna.

Jumamosi zote tatu, hakuna. Na siku hizo mashine iliendeshwa kutwa, na zamu ya mwendeshaji Kiplimo.

Mashine haijui Sabato.

Mochama aliijua. Jumamosi hizo tatu yeye mwenyewe alikuwa kanisani, nyuma ya shemasi mmoja aliyeimba kwa sauti nzito. Shemasi huyo ndiye fundi pekee aliyeruhusiwa kugusa nyaya za vitambuzi.

Sagini.

Alimpigia mhandisi mkuu, Chepkosgei.

"Mhandisi, usikizime kitambuzi cha kumi na nne."

"Nimeshakizima. Kimenidanganya mara arobaini na moja, Bwana Mochama. Sitakiruhusu kinidanganye mbele ya wageni."

"Hakikukudanganya. Kimechezewa. Walitaka uchoke, ukizime kwa mkono wako."

"Mlinzi ameniambia umemkimbiza daktari wa ng'ombe leo asubuhi." Sauti yake ilikuwa baridi. "Rudi ukamkimbize na ng'ombe."

Simu ikakatwa.

Mochama alipanda ukingo wa barabara. Probox ilipita kando ya trekta, magurudumu mawili yakiwa kwenye majani ya chai.

Saa nne na dakika moja alivuka lango.

Alipaswa kuwa amechelewa. Hakuchelewa, kwa sababu mchungaji alikuwa bado anaomba. Alikuwa ameombea serikali, wafadhili, kaunti nzima, na sasa alikuwa akimshukuru Mungu kwa mvua. Katika nchi hii hakuna swichi inayowashwa kabla ya Amina.

Mochama alikimbia kwenye ujia mrefu. Mlango wa chumba cha kuongozea mashine ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Amina," watu wakaitikia mle ndani.

Kupitia kioo cha mlango alimwona Kiplimo akisogeza mkono. Namba kwenye skrini zikaanza kupanda. Asilimia kumi. Ishirini.

Aligonga. Chepkosgei aligeuka, akamwona, akampa mgongo.

Thelathini na tano.

Ukutani palikuwa na kasha la kioo lenye funguo nane. Kila anayeingia handakini hubeba mmoja mfukoni. Ufunguo mmoja ukikosekana mahali pake, mashine huamini kwamba kuna binadamu ndani, nayo haiwezi kurusha mwale. Kinga hiyo hakuna mhandisi anayeweza kuizima.

Alivunja kioo kwa kiwiko.

Akachomoa ufunguo.

Skrini zote zikarudi sifuri. Wageni wakanong'ona. Chepkosgei alifungua mlango akiwa amekunja uso, tayari kumfukuza.

Mochama hakumtazama. Alimtazama mtu aliyesimama nyuma yake, amevaa koti la kazi, kikombe cha chai mkononi.

"Ndugu Sagini," alisema. "Mbona Jumamosi kengele haikulia?"

Sagini alikiweka kikombe chini taratibu.

"Jumamosi mimi sifanyi kazi, Ndugu. Unajua."

"Najua."

Mfukoni mwa Sagini mlikuwa na kifaa cha redio kidogo kama kiberiti, alichotumia kuiliza kengele kutoka mbali. Alikuwa ameahidiwa ajira Ulaya. Alfajiri hiyo alikuwa amepotosha sumaku moja handakini, ili mwale ukifika nguvu kamili ugonge ukuta mahali palepale alipowazoesha watu kutoiamini kengele. Aliyaeleza yote bila kubishana.

Chepkosgei aliwasha kitambuzi cha kumi na nne kwa mkono wake. Ufunguo uliporudishwa mahali pake, akaagiza mwale dhaifu, usioweza kuunguza hata karatasi.

Kengele ikalia.

Alisimama akiisikiliza muda mrefu, kisha akamwambia Kiplimo aizime.

Adhuhuri, Valary alipiga simu. Mzungu aliyemwahidi Sagini ajira, na aliyekuwa akingojea habari njema, alikuwa amekamatwa sokoni Chepilat, akinunua ndizi.

Saa tisa sumaku ilikuwa imenyooshwa. Mwale ulipita bombani kimya, mwanzo hadi mwisho. Mochama hakuwepo chumbani kuuona. Alikuwa nje, aking'oa matawi ya chai yaliyonasa chini ya gari lake.

Chepkosgei alimfuata hadi pale.

"Wageni waliondoka kwa hasira," alisema. "Nitawaambia nini?"

Mochama alipangusa mikono, akaingia garini.

"Waambie mashine ni nzima."