Kiraka cha Kidole Kidogo

Jua lilikuwa linazama Umurerwa alipofika mtaa wa Ndosho kununua miguu ya mti, kalibu za fundi viatu. Ngozi alikuwa nayo, gundi na kipande cha tairi pia. Mwezi mzima alikuwa akijifunza kushona viatu nyumbani, na bila miguu hiyo ya kushonea juu yake, kila kiatu kilitoka kimepinda kama muhogo.

Mama Nyiransabimana, mjane wa fundi viatu Barthélemy, alimcheka mlangoni.

"Kumbe na licence yako ya chuo kikuu unakuja kuwa kordonye?"

"Kazi iko wapi, mama?"

"Haiko." Akampa jozi moja ya miguu ya mti. "Hii ndiyo ya mwisho bwana yangu alishika. Mama mumoja alikuja kupimwa mwaka jana, hakurudia tena."

Kando ya mguu wa kushoto palikuwa na kiraka cha ngozi, kimetuna kama jipu.

"Na hiki?"

"Mutu akiwa na kidole kimevimba, fundi anabandika hapo, kiatu kisimuumize."

Nyumbani Katoyi, Umurerwa alikibandua kwa kisu. Vidole vyake mwenyewe havikuwa na kasoro. Akakitupa kwenye makaa ya jiko la mbabula, akapiga msasa mpaka mti ukalainika. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu mara mbili.

Siku ya tatu viatu vikawa tayari. Vyeusi, mishono imenyooka. Akaviweka nje ya mlango gundi ikauke, akaingia kunawa mikono. Giza lilikuwa linaanza kushuka.

Nje, juu ya changarawe ya lava...

Kaa. Shwaa...

Kaa. Shwaa...

Hatua moja imara, nyingine ya kuburuta. Harufu ya gundi ikapotea. Ikaja ya udongo mbichi.

Aliijua hatua hiyo tangu utoto. Mwaka jana, kabla ya sherehe ya kupewa diplome, alikuwa amemwambia mama yake: "Usikuje, mama. Na hizo sandali? Watanicheka."

Mama alizitazama sandali zake. Kisha akasema, "Nitatafuta viatu."

Wiki mbili baadaye walimzika, miguu mitupu. Alivitafuta wapi, Umurerwa hakuwahi kuuliza.

Hatua zikakoma mlangoni.

"Umurerwa..."

Hakuthubutu kugeuka.

"Kinanifinya, mutoto yangu."

Alipopata nguvu ya kufungua mlango, viatu vilikuwa palepale. Soli mpya zilikuwa zimekwaruzwa na lava. Cha kushoto kilikuwa kimepasuka ubavuni, pale pa kidole kidogo.

Tangu siku hiyo amekata viraka kumi na kimoja, kila kimoja na unene wake, akivipima kwa rula. Lakini hajui kidole kile kilivimba kiasi gani. Miaka yote mguu ule ulipita mbele yake, naye aliangalia sandali tu.

Kila jozi anayoshona kwa kiraka kipya anaiweka mlangoni kabla ya giza, anakaa ndani, anasikiliza.

Jana hatua zilikoma tena.

"Bado kinanifinya," sauti ikanong'ona.